Mstari wa Mwisho Kwenye Biblia ya Baba

Katubuka,
Kigoma.
2 Januari 1997.

Mpendwa mdogo wangu Feliksi,

Mwakeye! Nakusalimu kwa salamu ya nyumbani, maana naogopa huko Tanga umeshaisahau. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na wale watoto wako watatu ambao nawajua kwa picha tu, wanakua? Ule mguu uliochomwa na mkonge umepona, au bado unauburuta shambani kwa ukaidi wako?

Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha shemeji yako Anatoli kimeisha tangu mvua zilipotulia kidogo. Mama bado anapanda kile kilima cha Simbo na ndoo kichwani, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umechoka kumwona. Baba ni Baba. Mimi mwenyewe nina furaha mpaka majirani wananiuliza nimeokota nini.

Furaha yenyewe nitakueleza kwa mpangilio, kwa hiyo kaa vizuri. Ila tangulia kujua jambo moja: umeshindwa. Krismasi imeliwa Simbo, na mbuzi amechinjwa, na Baba amekula mara mbili. Nimeandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa kichwani mwangu tangu tarehe ishirini na tano, na leo nimepata nafasi ya kuitoa.

Sasa turudi nyuma. Mwezi wa kumi ulimtumia Baba kijarida chenye jalada la bluu, cha hao wenzako unaosali nao siku hizi. Sijui ulifikiri atakifanyia nini. Mzee aliyekaa miaka thelathini na minne akiwa karani wa mizigo pale stesheni ya Kigoma, ambaye mpaka leo anaamka kwa saa ya treni, wewe unampelekea karatasi inayosema tarehe ya kuzaliwa Bwana Yesu haijulikani! Alikisoma mara tatu. Alikipigia mistari kwa kalamu ya risasi. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, alituketisha akatuambia mwaka huu hakuna Krismasi nyumbani kwake. Kanisani ataendelea kwenda, sala hajaacha, lakini mbuzi hachinjwi na mgeni haalikwi.

Sababu zake zilikuwa zako, ila yeye alizipanga vizuri kukupita. Kwamba ukisoma Injili zote nne hukuti tarehe. Kwamba wachungaji walikuwa makondeni usiku na mifugo yao, na Desemba huko kwao ni baridi na mvua, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili ambaye angelala nje na kondoo. Kwamba Warumi walikuwa na sikukuu ya jua siku zile zile, na Wakristo waliichukua wakaivalisha nguo nyingine, tena baada ya miaka zaidi ya mia tatu. Kwamba wako Wakristo wengine wanaosherehekea Januari mpaka leo. Nilipojaribu kubisha akanikata.

"Mwana wanje, mwanangu, treni haiondoki kwa kukisia."

Feliksi, niseme ukweli, niliumia. Wewe uko mbali, hujui Krismasi ya Simbo imekuwa nini kwetu miaka hii. Huku mjini sikukuu imebadilika. Katubuka redio zinafunguliwa mpaka kuta zinatetemeka, watoto wanazunguka nyumba kwa nyumba na nguo mpya wakidai soda, vijana wanalewa kabla ya saa sita mchana, na jirani yangu amenunua mti wa plastiki akaubandika pamba aseme ni theluji. Theluji, Kigoma! Vumbi letu jekundu limeigeuza ile pamba ikawa rangi ya mawese. Hayo yote mimi nayacheka na nayapenda, lakini siyo Krismasi yangu. Yangu ni kukaa kwenye mkeka wa Mama, na Baba akisoma Luka kwa sauti ile ile aliyokuwa anaitia treni, na Hasna akipakua.

Hasna unamkumbuka, shoga yangu wa Ujiji, mke wa Gharib mwenye mitumbwi ya dagaa. Mwaka wa kumi na tisa huu anakuja Simbo kupika pilau la Krismasi, kwa kuwa sisi hatujui kulipika likachambuka, na Idd mimi nakwenda kwake kukanda maandazi. Nilipomweleza uamuzi wa Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kwao ugomvi ni huo huo. Mpwa wake Abeid amerudi masomoni mwaka huu, anawaambia wazee wa Ujiji kwamba kusoma Maulidi ni uzushi, na wazee wanamwambia yeye ndiye aliyezuliwa juzi.

Nilidhani nimepata mwenzangu wa kunisaidia. Nikampeleka kwa Baba. Hasna kwa moyo wake mweupe akamwambia kwamba wao wamefundishwa Bibi Mariamu alishikwa na uchungu chini ya mtende, akaambiwa autikise, zikamdondokea tende mbivu. Baba akaruka kwenye kiti.

"Tende mbivu! Tende haziivi Desemba! Hata kwa akina Hasna siyo Desemba!"

Akaenda kuliandika pembeni ya kijarida chako.

"Mzee," Hasna akasema, "mimi nimesema habari ya tende. Sijasema habari ya kuacha pilau."

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo lilifanya ugomvi huu usiwe wa mbuzi tu. Mwezi wa kumi na moja, kama ulivyosikia redioni, vita viliwaka ng'ambo ya ziwa na watu wakaanza kuvuka. Jumatano tarehe kumi na tatu nilikuwa ufukweni Kibirizi kama kawaida yangu, nimenunua dagaa wa usiku ule na nimewaanika mchangani, nimefika kuwageuza upande wa pili, ndipo likaja boti la mbao limejaa watu mpaka maji yanataka kuingia. Walishuka watu kama mia moja. Wachuuzi tuliacha biashara tukaingia majini kupokea watoto na mizigo, na mwanamke mmoja akanipa kitoto kichanga kimefungwa kwenye kitambaa cha meza, akanitazama usoni, akasema, "Yaya Agnesi?"

Huko kwao dada ni yaya. Alikuwa Skolastika. Ndiyo, Skolastika wa Uvira, binti wa marehemu shangazi Honorata, yule tuliyecheza naye alipoletwa Simbo likizo. Nilimjua kwa kovu la kidevuni. Nililia pale pale, na dagaa wangu wakaungua na jua siku hiyo bila kugeuzwa.

Alikuwa amejifungua njiani, milimani, akiwa na wanawake wengine wawili tu. Mume wake Jeremia walipotezana siku ya kwanza ya kukimbia na mpaka naandika barua hii hatujapata habari zake. Tumwombee. Nilimuuliza mtoto ana siku ngapi.

"Yaya, mie sijue. Tulikuwa tunatembea tu. Siku zilipotea."

Walimpeleka kambini na wenzake, na nilipokwenda kumtembelea nilimkuta na kadi ya chakula. Kwa kuwa hakuwa na tarehe ya kusema, karani aliyekuwa mezani alimwandikia mtoto tarehe mosi Januari ya mwaka ule ule, kama alivyowaandikia wengi. Kwa kadi hiyo mtoto ana miezi kumi na moja, na hana jino hata moja, wala shingo haijakaza! Skolastika hakucheka. Aliniambia anataka kitu kimoja tu kwetu. Anataka mtoto aandikwe kwenye Biblia ya mjomba wake, yaani Baba.

Unazijua zile kurasa za mwisho. Sisi sote tumo, kwa siku na saa na hali ya hewa. Wewe ni "Feliksi. Alizaliwa Jumanne 4 Novemba 1958, saa kumi na moja alfajiri. Mvua kubwa. Treni ya Tabora imechelewa." Skolastika mwenyewe yumo, kwa kuwa shangazi alituma barua wakati ule. Ukishaandikwa mle, Baba anakubeba mpaka mlangoni, anakutaja jina mbele ya watu, na kuanzia hapo hata ukipotea duniani kuna mahali unajulikana. Skolastika alipoteza nyumba, vyeti, picha za harusi, kila kitu. Alijua kilichobaki na jina lake ni ile Biblia.

Baba akakataa.

Usimlaumu haraka. Alimpokea Skolastika kwa machozi, akambeba mtoto, akamtumia kambini maharage na mawese kila wiki. Ila kuandika akakataa. Alisema kurasa zile hazijawahi kuwa na uongo, na hawezi kuandika "Alizaliwa" halafu aweke siku ya kubuni. Ile kadi aliishika kwa ncha za vidole. Akasema hicho ndicho anachokipigania hata kwenye Krismasi: siku isiyojulikana isiandikwe. Mtoto akakaa bila jina. Wiki ya pili, ya tatu, ya tano. Skolastika alikuwa anamwita "Kadogo" tu, na kila nilipomwona alikuwa amekonda zaidi.

Hapo ndipo niliapa kumshinda Baba. Nilikwenda kwa katekista Martini nikamwambia anipe silaha zote alizonazo. Maskini, alinieleza kwa uaminifu kwamba hata mabingwa hawajaafikiana. Wapo wanaosema kama wewe, kwamba tarehe ilitoka kwenye sikukuu ya jua. Wapo wanaosema hapana, Wakristo wa kale waliamini Mariamu alipashwa habari tarehe ishirini na tano Machi, wakahesabu miezi tisa, wakafika Desemba. Nikazikariri hoja zote nikigeuza dagaa, mpaka wenzangu pale mwaloni Kibirizi wakadhani naongea peke yangu.

Skolastika akapewa kibali cha siku tatu kutoka kambini. Mwezi ulikuwa mpevu, na dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka, mitumbwi ya Gharib imelala ufukweni na karabai zimezimwa, kwa hiyo pikapu yake ilikuwa haina kazi. Asubuhi ya Krismasi, baada ya Misa, tulipakia sufuria la Hasna, mchele, viungo, Hasna mwenyewe, Skolastika na mtoto, na Anatoli aliyekuwa bado anaomba tusiende, tukapanda Simbo bila kualikwa, tukinuka dagaa wote.

Baba alikuwa amekaa mlangoni na kijarida chako magotini. Mwaka mzima hajawahi kukaa mlangoni saa nne asubuhi. Mimi nasema alikuwa anatusubiri, yeye anakana.

Nikaanza. Nikatoa Machi na miezi tisa, akaniuliza ni nani aliyeandika kwamba ilikuwa Machi. Nikatoa wachungaji, nikasema huenda mwaka ule baridi ilichelewa, akaniuliza nina hati ya hali ya hewa. Nikatoa miaka yote tuliyosherehekea, akasema kosa la miaka mingi ni kosa kubwa zaidi. Feliksi, alinimaliza. Ndani ya robo saa nilikuwa nimebaki na hasira tu, na Hasna ameinamisha kichwa asionekane anacheka. Skolastika akapiga magoti mbele yake.

"Mujomba, mutoto wangu hajaandikwa popote. Umuandike tu."

"Nitaandika siku gani, mwanangu? Niambie siku, nitaandika sasa hivi."

Ndipo Mama akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Unamjua Mama, hasomi, na kwenye mabishano ya vitabu huwa anaendelea na kazi zake. Alisimama mbele ya Baba akamwambia:

"Ewe Bonifasi. Na wewe siku yako ulipewa na nani?"

Mimi sikuelewa. Nilijua siku ya Baba kama ninavyojua jina langu, tarehe mosi Julai 1921, mstari wa kwanza kabisa kwenye zile kurasa, na kila tarehe mosi Julai tumekula kuku.

"Waambie," Mama akasema. "Au niwaambie mimi?"

Basi Baba akasema mwenyewe, polepole. Kwamba alipokwenda kuomba kazi relwe waliuliza amezaliwa lini, na yeye alijua tu kwamba ni mwaka waliokula mizizi kwa njaa. Karani akamwambia kazi unaanza leo, leo ni tarehe mosi Julai, basi na kuzaliwa tuandike tarehe mosi Julai, na mwaka akaukisia kwa kumtazama ndevu. Kiinua mgongo chake kilihesabiwa kwa tarehe hiyo! Na kuku wetu wote!

"Kwa hiyo hukuzaliwa?" Mama akamuuliza.

Feliksi, natamani ungeiona sura yake. Kwanza alikasirika. Halafu mdomo ukamcheza pembeni. Halafu alicheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho sijakisikia tangu wewe uondoke, akacheka mpaka miwani ikaanguka juu ya kijarida chako. Akaomba Biblia na kalamu ya wino. Akanigeukia kwa ile sauti ya stesheni.

"Wewe uliyekuwa Kibirizi. Boti lilifika siku gani?"

"Jumatano, Baba, tarehe kumi na tatu Novemba."

"Saa?"

"Saa nne asubuhi."

"Hali ya hewa?"

"Jua kali. Dagaa walishakauka upande mmoja."

Akaandika. Herufi bado ni zile za kwenye makaratasi ya mizigo. Hakuandika "Alizaliwa". Akasoma kwa sauti: "Honorata, binti wa Skolastika. Alipokelewa Kibirizi, Jumatano 13 Novemba 1996, saa nne asubuhi. Jua kali." Jina la shangazi, Feliksi! Jina la dada yake! Skolastika alitoa sauti ambayo sina namna ya kuiandika. Baba akambeba mtoto hadi mlangoni, akamwinua, akamtaja jina mbele ya Simbo nzima, na Simbo nzima ilikuwa pale kwa sababu Hasna alishaanza kukaanga vitunguu na harufu ilishawafikia.

Halafu, akiwa bado amembeba, akamwambia Anatoli amfungue mbuzi.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Hasna akanipokea, na wanawake wa Simbo wakampokea Hasna. Skolastika akaimba wimbo wanaouimba kambini, ambako amesema wamechanganyika Warundi na Wakongo wa makanisa yote wakawa kwaya moja, ngoma yao ni dumu la mafuta. Sisi tuliitikia bila kujua maneno. Pilau lilichambuka. Baba alisoma Luka, na alipofika kwa wachungaji waliokuwa makondeni alinitupia jicho, lakini hakusema kitu. Ushindi ni wa Mama, nakubali, lakini pikapu niliitafuta mimi, na naomba ukumbukwe mchango wangu.

Jioni nikiirudisha Biblia kabatini nilitaka kuuona tena mstari wa mtoto. Nikafungua zile kurasa. Chini ya Honorata palikuwa na mstari mwingine, wino haujakauka vizuri. Sijui aliuandika saa ngapi, na sijamuuliza. Umeandikwa hivi:

"Yesu. Alipokelewa Simbo, Jumatano 25 Desemba 1996, saa saba mchana. Mawingu, kisha jua."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, mdogo wangu. Nilitaka barua hii iwe ya kukuzomea tu, na nimekuzomea vya kutosha, lakini hapo kwenye mstari huo nilikaa chini nikakukumbuka.

Kijarida chako hakijachomwa. Baba amekihifadhi kwenye Biblia, na anasema hoja zako zilikuwa nzuri. Ila ameniagiza jambo. Chini ya ule mstari ameacha nafasi tatu. Anasema watoto wako watatu aliwasubiri kwa miaka kumi na moja utume siku zao na hukutuma. Usihangaike tena kutafuta vyeti. Anasema uwalete tu. Ataandika siku watakayoshuka stesheni, na hali ya hewa ataitazama mwenyewe.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Skolastika na Honorata mdogo wanakusalimu kutoka kambini. Hasna na Gharib wanakusalimu na wanakutakia heri, na sisi tuwatakie saumu njema, maana Ramadhani iko wiki ijayo. Anatoli anakusalimu. Msalimie wifi sana, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde na miiba ya mkonge, akuongoze njia yote ya reli mpaka mwisho wake, ambao ni huku kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikushinda,

Agnesi.